Jua Linapozama Saa Kumi: Kuzuru London na Watoto Wakati wa Baridi

Shukurani zote njema anazistahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, kila inapokaribia likizo ya Desemba wako wazazi wanaotujia na maswali yanayofanana. Wana ndugu London, wamealikwa, nauli imepatikana, na watoto hawana mazungumzo mengine ila theluji. Huuliza: Je, baridi haitawadhuru watoto? Je, tutapata chakula cha halali? Ni wachache mno wanaouliza lile tunaloliona sisi kuwa ndilo kubwa: Je, mchana wa huko wakati huo una urefu gani?

Baridi ina dawa yake, nayo ni nguo. Chakula cha halali kipo tele, kwani Waislamu wameishi katika mji ule kwa vizazi kadhaa. Ama ufupi wa mchana, huo haununuliwi dukani. Mzazi asiyejiandaa nao atarejea nyumbani na picha nyingi na swala nyingi zilizompita, na mtoto wake atakuwa amejifunza, bila ya kuambiwa, kuwa dini ni jambo la nyumbani ambalo huachwa uwanja wa ndege pamoja na mizigo iliyozidi uzito. Mzazi aliyejiandaa atampa mwanawe somo ambalo hata madrasa haiwezi kulitoa kwa ukamilifu huo. Hilo ndilo tunalotaka kulieleza leo.

Safari ya kipupwe si jambo geni katika dini yetu. Surat Quraysh imetaja safari mbili za Makuraysh, ya wakati wa baridi na ya wakati wa joto. Wafasiri wanatueleza kuwa katika baridi walielekea Yemen kwenye joto, na katika joto walielekea Sham kwenye ubaridi. Sisi tunafanya kinyume chao: tunaliacha kaskazi la Desemba na jua lake, tunakwenda kuitafuta baridi. Basi na tuifuate hikima yao katika lile jingine, nalo ni kusafiri kwa mpango.

Saa ya Kiswahili na jua la London

Saa yetu ya Kiswahili imejengwa juu ya jua la nchi zilizo karibu na Ikweta. Jua likichomoza tunakaribia saa moja, likizama tunakaribia saa moja nyingine, na mwaka mzima tofauti ni ndogo. Kwa hiyo mtoto aliyekulia Dar es Salaam, Unguja au Mombasa anajua kwa mazoea kuwa Magharibi ni baada ya saa 12 jioni, na hajapata kuona vinginevyo.

London ipo kiasi cha nyuzi 51 na nusu kaskazini ya Ikweta. Kwa kuwa dunia imeinama, katika Desemba upande wa kaskazini huwa umelipa jua mgongo. Tarehe 21 Desemba jua la London huchomoza kiasi cha saa 2:04 asubuhi na kuzama kiasi cha saa 9:53 alasiri. Mchana wote haufiki hata muda wa saa nane. Katika Juni, mji huo huo hupata mchana wa zaidi ya saa 16, na jua huzama baada ya saa 3 usiku.

Tazama sasa swala zinavyopangika katika siku hizo za Desemba. Alfajiri huingia baina ya saa 12 na saa 12 na nusu asubuhi. Adhuhuri huingia saa 6 mchana. Alasiri, kwa hesabu ya Imaam Shafi'i (R.A.), huingia kiasi cha saa 8 kasorobo. Magharibi huingia kabla ya saa 10. Isha, katika ratiba nyingi, huingia baina ya saa 11 na nusu na saa 12 jioni. Kila msikiti una ratiba yake na zinatofautiana kwa dakika, hivyo familia na ichukue ratiba ya msikiti ulio karibu na wenyeji wao.

Angalia maana yake. Familia ikiingia katika duka kubwa saa 6 kamili mchana, ikazunguka, ikala, ikatoka nje saa 10, itakuta jua limeshazama na giza linaingia. Adhuhuri imepita, Alasiri imepita, na Magharibi imeingia. Ni swala tatu katika mzunguko mmoja wa dukani! Na wala hawakukusudia uovu wowote. Waliitegemea saa ya mazoea, nayo saa ile ni ya jua jingine.

Je, si msafiri hukusanya swala?

Hapa baadhi ya wasomaji watasema: "Sheikh, sisi ni wasafiri, nasi tuna ruhusa ya kupunguza na kukusanya." Ni kweli kuwa ruhusa ipo. Surat An-Nisaa, aya ya 101, ndiyo msingi wa kupunguza swala safarini, na Sunna imebainisha. Siku ya kusafiri, ndani ya ndege na katika viwanja vya ndege, hiyo ni rehema ya Mola wetu na haifai kuionea haya. Uwanja wa Heathrow una vyumba vya ibada katika majengo yake, na mfanyakazi yeyote wa hapo ataweza kukuelekeza.

Lakini ruhusa ina mipaka yake. Katika madhehebu ya Imaam Shafi'i, ambayo ndiyo inayofuatwa na wengi katika pwani yetu, anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila ya kuihesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, huchukua hukumu ya mkaazi tangu anapofika. Kwa Mahanafi kiwango ni siku kumi na tano. Familia inayokwenda kwa ndugu zao kwa wiki mbili au tatu, ikiwa inafuata Shafi'i, itaswali swala kamili na kwa nyakati zake. Jambo hili wengi hawalijui, na ndiyo sababu ya kulisema kwa urefu. Mwenye hali ya pekee na amwulize mwanachuoni anayemwamini kabla ya kusafiri, si baada ya kurudi.

Kuna na upande wa wepesi. Katika baridi mtoto haamshwi usiku wa manane kwa Alfajiri. Huamka kwa saa ya shule na kuikuta swala ingali na muda mrefu kabla ya jua kuchomoza. Isha nayo huswaliwa kabla ya chakula cha usiku, hapana mtoto wa kusinzia. Na mama mwenye deni la siku za Ramadhani atakuta kuwa kufunga kwa siku hizo ni kiasi cha saa tisa na nusu tu, tena bila ya kiu. Imepokewa katika hadithi aliyoitoa Tirmidhi maana ya kuwa saumu ya wakati wa baridi ni ngawira iliyopatikana bila ya vita. Walio London wanaijua maana hiyo vizuri, kwani wao ndio waliofunga michana mirefu ya Juni.

Udhu, koti na soksi

Baridi ya London si ile ya katika filamu. Katika Desemba na Januari joto la mchana huwa kiasi cha nyuzi 8 za Selsiasi, na usiku hushuka hadi nyuzi 2 au 3. Theluji haianguki mara nyingi, na ikianguka huyeyuka upesi. Mvua nyembamba na upepo ndivyo vinavyotesa. Mwambieni mtoto hilo mapema ili asivunjike moyo.

Mvisheni nguo nyepesi kadhaa, moja juu ya nyingine, kuliko nguo moja nzito: fulana ya ndani inayobana mwili, sweta la sufi, kisha koti lisilopitisha maji. Mkiingia ndani ya nyumba au treni mtakuta joto, na mtoto aliyevaa koti moja zito juu ya fulana hana la kuvua. Kofia, skafu, glavu na viatu visivyoingiza maji ni vitu vya lazima. Kina mama wanaovaa buibui na wavae suruali na soksi za sufi kwa ndani na koti refu kwa juu. Na tahadhari kubwa iwe juu ya ngazi za umeme za treni za chini ya ardhi: pindo refu linaweza kunaswa, hivyo likusanywe kwa mkono kabla ya kupanda, na mtoto ashikwe kwa mkono wa pili.

Udhu ndipo penye mitihani. Maji ya bomba la moto yapo karibu kila nyumba. Nje ya nyumba, chukueni chupa ndogo ya kustanjia, kwa kuwa vyoo vingi vya huko havina maji ila karatasi. Na ile tabu ya kuvua koti na sweta ili kuosha mikono, jueni kuwa imeshatangulia. Mughira bin Shu'ba (R.A.) amesimulia, na hadithi yake imo katika Sahihi ya Bukhari, kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa safarini amevaa juba la Sham lenye mikono membamba. Mikono ile haikuweza kupandishwa, basi akaitoa mikono yake kwa chini ya juba, akaiosha. Kisha akapaka maji juu ya khofu zake bila ya kuzivua. Msimulieni mtoto kisa hiki anapohangaika na koti lake chooni. Ataona kuwa Mtume wake amepita njia hiyo hiyo.

Kupaka juu ya khofu kuna muda wake: siku moja na usiku wake kwa mkaazi, na siku tatu na masiku yake kwa msafiri, kwa sharti kuwa zilivaliwa mtu akiwa tohara. Ama soksi za kawaida, maulamaa wamekhitalifiana. Mashafi'i wanataka kiwe kitu kigumu kinachofunika mguu hadi vifundo, kisichopitisha maji kwa urahisi na kinachoweza kutembelewa. Wengine, kama Mahanbali, wameruhusu soksi nene. Buti la ngozi lenye kufunika vifundo, likiwa safi, ndilo lenye kuondoa mashaka.

Kibla nacho ni somo. Kwa mkaazi wa Dar es Salaam au Mombasa, Makka ipo kaskazini. London, Makka ipo kusini-mashariki. Mpeni mtoto ramani na mwacheni aitafute sababu mwenyewe.

Kuutembelea mji kwa kufuata swala

Ukishaipanga siku kwa swala, utaona kuwa mji wenyewe unapangika. Tokeni nyumbani saa 3 asubuhi, jua likiwa limekwisha chomoza. Mtaa wa South Kensington una makumbusho makubwa matatu yaliyo jirani, nayo ni la Viumbe vya Asili, la Sayansi, na lile la Victoria na Albert. Tangu Desemba 2001 makumbusho ya taifa ya Uingereza yamefuta viingilio, hivyo mzazi halipi kitu kuyaona maonyesho ya kudumu. Chagueni moja kwa siku, si yote matatu.

Katika Makumbusho ya Viumbe vya Asili, mtoto atapokewa na mifupa ya nyangumi mkubwa wa buluu mwenye urefu wa zaidi ya mita 25, aliyekwama pwani ya Ireland mwaka 1891. Akifika kwa dinosauri, mwambieni kuwa watu wa makumbusho hayo walichimba mifupa ya dinosauri Tendaguru, mkoani Lindi, kuanzia mwaka 1924 hadi 1931, na kwamba kiongozi wao wa mwanzo, William Cutler, alifariki kwa malaria huko Lindi mwaka 1925. Wachimbaji na wapagazi waliofanya kazi ile kwa mikono yao walikuwa ni watu wa kwetu. Mtoto wa Kitanzania asidhani kuwa amekwenda kutazama mambo ya watu tu.

Katika Victoria na Albert lipo busati la Ardabil, lenye urefu wa zaidi ya mita 10, ambalo limefumwa Iran kwa mamilioni ya mafundo. Mwaka umeandikwa ndani ya busati lenyewe: 946 Hijriya, yaani 1539 au 1540 Miladia. Mpeni mtoto kazi ya kuutafuta ukingo wenye maandishi.

Saa 6 mchana ikifika, tafuteni mahali pa kuswali. Waulizeni wafanyakazi kwa adabu kama kuna chumba kitulivu. Kama hakuna, bustani za Kensington na Hyde Park hazipo mbali, nasi ardhi yote tumejaaliwa kuwa ni mahali pa kusujudu. Majani huwa yamelowa, hivyo chukueni mswala mwembamba wenye upande usiopitisha maji. Baba akitangulia, watoto wakajipanga nyuma, swala ya rakaa nne haizidi dakika kumi. Wapita njia watapita, na mara nyingi hawatageuka hata kutazama.

Siku nyingine nendeni Greenwich. Kituo cha kutazamia nyota kilianzishwa pale na Mfalme Charles wa Pili mwaka 1675, na mwaka 1884 mkutano wa mataifa uliofanyika Washington uliuchagua mstari upitao pale kuwa ndio mwanzo wa kuhesabia longitudo za dunia. Saa zetu za Afrika Mashariki zimetangulia mbele ya saa ya Greenwich kwa muda wa saa tatu. Kuingia ndani ya kituo kunalipiwa, lakini kilima kilichopo ni bustani ya umma.

Hapo juu, jua likitoka wakati wa adhuhuri, msimamisheni mtoto na mpime kivuli chake. Katika siku za mwisho za Desemba jua la London hupanda kiasi cha nyuzi 15 tu juu ya upeo, basi mtoto mwenye kimo cha mita 1.2 atakuwa na kivuli cha karibu mita 4 na nusu. Dar es Salaam, wakati huo wa mwaka, kivuli chake cha adhuhuri ni kama theluthi ya kimo chake. Kisha mwelezeni kuwa Alasiri huingia kivuli kinapozidi kile cha adhuhuri kwa kiasi cha kimo chake mwenyewe. Kitabu cha fiqhi alichokisoma madrasa bila ya kukielewa sasa atakiona kimelala juu ya majani. Na mwambieni kuwa elimu hii Waislamu waliibeba kwa karne nyingi. Kwamba misikiti mikubwa ilikuwa na muwakkiti wake, na kwamba Ibn al-Shatir, muwakkiti wa Msikiti wa Bani Umayya wa Damascus, alitengeneza saa ya kivuli kwa ajili ya msikiti huo mwaka 1371.

Iko saa ya kivuli nyingine, mashariki ya London, katika Brick Lane. Jengo lile lilijengwa mwaka 1743 kuwa kanisa la wakimbizi wa Kiprotestanti kutoka Ufaransa. Baadaye likawa kanisa la Wamethodisti, kisha sinagogi la Mayahudi waliokimbia dhiki za Ulaya Mashariki, na tangu mwaka 1976 ni msikiti wa Waislamu wenye asili ya Bangladesh. Saa ya kivuli ya mwaka 1743 ingali ukutani, juu ya vichwa vya wanaoingia kuswali. Mtaa huo hauko mbali na Msikiti wa East London uliopo Whitechapel, na vyakula vya halali vimejaa pande zote.

Siku ya Ijumaa nendeni Msikiti Mkuu wa Regent's Park. Mwaka 1940 serikali ya Uingereza ilitoa paundi 100,000 za kununulia kiwanja, Mfalme George wa Sita akakifungua Kituo cha Utamaduni wa Kiislamu mwaka 1944, na msikiti wenyewe ukakamilika mwaka 1977. Mtoto atasimama katika safu moja na Mmalaysia, Mnigeria, Mturuki na Mwingereza aliyesilimu, na wote wataitika "Amin" kwa pamoja.

Juu ya usafiri: mabasi ya London hayapokei fedha taslimu tangu mwaka 2014, hutumika kadi. Watoto walio chini ya miaka 11 husafiri bure katika mabasi, na katika treni za chini ya ardhi mtu mzima aliyelipa anaweza kufuatana na watoto wanne wa umri huo bila ya malipo.

Siku ambayo mji unasimama

Tarehe 25 Desemba hakuna treni za chini ya ardhi wala mabasi ya mji. Makumbusho yamefungwa, na maduka makubwa yamekatazwa na sheria kufunguliwa siku hiyo. Mgeni asiyejua huona kuwa ni siku iliyoharibika. Bali hiyo ndiyo siku ya jamaa.

Watoto watauliza kuhusu taa na miti iliyopambwa. Wasikaripiwe kwa kuuliza. Waelezwe kwa utulivu kuwa hiyo ni sikukuu ya majirani, kwamba sisi hatuisherehekei, na kwamba sisi tunamwamini Isa bin Maryam (A.S.) kuwa ni Mtume mtukufu na mama yake ni katika wanawake bora wa ulimwengu. Kisha ifunguliwe Surat Maryam, isomwe na kufasiriwa, watoto wa mwenyeji na wa mgeni wakiwa pamoja. Jirani akileta sahani ya matunda, ipokewe kwa uso mkunjufu, na sahani isirudi tupu.

Na hapa tumefika kwenye lile ambalo safari yote imekusudiwa. Wengi wa jamaa zetu walioko Uingereza walihama kwa dhiki. Wako waliotoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964, na wako Wabarawa wenye Chimwini chao waliokimbia vita vya Somalia katika miaka ya 1990. Waliokwenda vijana sasa ni wazee. Baridi ikija huwafungia ndani. Saa 10 giza, na mwenye magoti mabovu hatoki mpaka kesho. Wajukuu zao wanaelewa Kiswahili lakini wanajibu kwa Kiingereza.

Kisa kimoja kinatosha kuwa mazingatio. Abdullah Yusuf Ali, aliyezaliwa Bombay mwaka 1872, ndiye aliyeifasiri Qur'ani kwa Kiingereza katika tafsiri iliyoanza kuchapishwa Lahore mwaka 1934. Nyumba nyingi za Waislamu, hata katika Afrika Mashariki, zina nakala yake. Alikuwa msomi wa sheria, mtumishi mkubwa wa serikali, na mdhamini wa mfuko uliouanzisha Msikiti wa East London. Uzeeni alitengana na watoto wake. Tarehe 9 Desemba 1953, katika baridi hiyo hiyo, polisi walimkuta ameketi kwenye ngazi za nyumba ya mtu huko Westminster, akili imemchanganyika. Siku ya pili yake alifariki hospitali, peke yake. Amezikwa Brookwood, karibu na Woking.

Ndugu zangu, elimu yake haikumpungukia, wala sifa, wala waumini waliofaidika naye. Kilichokosekana ni mtu wa kubisha mlango. Basi mkifika London, wa kwanza kutembelewa awe ni yule shangazi au babu mdogo aliye peke yake ghorofani, kabla ya duka na kabla ya makumbusho. Watoto waingie na "Shikamoo", wakae karibu naye, wamwulize habari za mtaa aliokulia. Kwake yeye, sauti hiyo ya mtoto ina thamani kuliko zawadi yoyote. Zawadi nazo zipo: karafuu, iliki, kanga, vitabu vya hadithi vya Kiswahili kwa wajukuu. Nyama na maziwa msibebe, kwani yamekatazwa kuingizwa.

Mgeni naye asiwe mzigo. Nyumba za kule ni ndogo, na gharama za gesi na umeme zilipanda sana mwaka 2022 na kuwaacha wengi katika dhiki. Changieni bila ya kungoja kuombwa, zimeni taa na hita za vyumba msivyovikalia, na watulizeni watoto, kwani chini ya sakafu kuna jirani.

Kwa asiyesafiri

Huenda msomaji akasema kuwa haya ni ya wenye nafasi. Si hivyo. Aliyebaki nyumbani naye ana sehemu yake, na sehemu hiyo imo katika hesabu ya jua.

Katika siku za mwisho za Desemba, jua la Dar es Salaam huzama kiasi cha saa 12:37 jioni. La London huzama saa 9:53 kwa saa ya kwao, ambayo ni saa 12:53 jioni kwa saa yetu. Tofauti yake ni robo saa tu. Katika Juni bibi aliyepo Dar es Salaam huswali Magharibi na kulala, na wajukuu zake London wakawa bado wamo juani. Lakini katika Desemba, baridi hiyo tunayoiogopa huwakutanisha: bibi akimaliza Magharibi na nyiradi zake, ndipo wajukuu wanaposimama kuswali Magharibi yao.

Basi na ipigwe simu saa hiyo. Aliye Dar es Salaam ampigie aliye London, na aliye London ampigie aliye Dar es Salaam, wasalimiane, waombeane dua, na mtoto aulizwe: "Umeshaswali?" Simu ya dakika tano, kila siku, kwa mzee aliye peke yake, ni katika kuunga udugu, na haihitaji viza wala nauli.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu na watoto wao, awape wazee wetu walioko ugenini watu wa kubisha milango yao, na atujaalie sisi sote kuwa wenye kusimamisha swala popote jua litakapotukuta. Amin.

Wabillahi Tawfiq.